Grili na Njia ya Hewa ya Pikapu: Matengenezo ya Gharama Ndogo Yafaayo na Yasiyofaa

Wanafunzi wengi wa bweni hufika shuleni mwanzo wa muhula kwa pikapu, pamoja na matranka, magodoro na ndoo zao. Pikapu hiyo hiyo hupeleka mahindi sokoni, mbolea shambani, na mgonjwa hospitali usiku wa manane. Injini yake ikifa, mazao hukaa ghalani, na mzazi hukosa fedha ya sare, nauli na madaftari. Kwa hiyo utunzaji wa injini ni jambo linalotuhusu sote, mwanafunzi, mwalimu na mzazi, wala si la fundi peke yake.

Katika makala haya tutaangalia sehemu mbili tu za gari. Ya kwanza ni grili, yaani ule uso wa mbele wenye matundu, ambao wauza vipuri wengi huuita shoo. Ya pili ni njia ya hewa ya injini, yaani bomba na chujio ambamo injini huvuta pumzi. Sehemu hizi zaweza kutengenezwa nyumbani kwa vifaa vya bei ndogo: wavu wa waya, mpira wa tyubu kuukuu, kipande cha bomba. Lakini ndizo pia sehemu ambazo vijana huziharibu kwa kutafuta urembo. Mmoja huziba grili kwa bati linalong'aa. Mwingine huondoa sanduku la chujio ili injini ingurume kama ya gari la mashindano. Kabla ya kushika msumeno, yatupasa kujua kila tundu la mbele ya gari limewekwa kwa kazi gani.

HEWA YA KUPOZA NA HEWA YA KUPUMUA

Hewa iingiayo mbele ya gari hufanya kazi mbili zilizo mbali mbali. Kazi ya kwanza ni kupoza. Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, takriban theluthi moja tu ya joto lake hugeuka kuwa nguvu ya kuendesha gari. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi katika ekzosi, na iliyobaki huchukuliwa zaidi na maji ya injini. Maji hayo hupita katika rejeta, ambayo ina mirija myembamba na vipezi vya bati, na hewa ipitayo kati ya vipezi huchukua joto na kwenda nalo.

Ujuzi huu ni wa zamani. Gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, ambalo Wilhelm Maybach alilibuni huko Ujerumani mwaka 1900 na ambalo lilitia fora mashindanoni mwaka 1901, lilikuwa na rejeta mfano wa sega la nyuki, yenye vijibomba 8,070. Maybach alijua kwamba wingi wa maji peke yake hautoshi. Kinachopoza ni ukubwa wa eneo linalokutana na hewa. Basi mtu akiziba nusu ya grili, ni sawa na kuitupa sehemu kubwa ya rejeta yake.

Kazi ya pili ni kupumua. Tuchukue mfano wa Toyota Hilux ya dizeli yenye injini iitwayo 5L. Jina hilo lisitudanganye. Ukubwa wa silinda zake zote nne ni sentimita za ujazo 2,986, yaani karibu lita 3. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hujaza silinda zake mara 1,500. Basi 1,500 × 3 = lita 4,500 za hewa kwa dakika, au pungufu kidogo kwa kuwa silinda hazijai kamili. Hayo ni kama mapipa 22 ya lita 200 kila dakika. Darasa lenye urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 lina lita 189,000 za hewa. Pikapu moja yaweza kuivuta hewa hiyo yote kwa dakika 42, karibu sawa na kipindi kimoja cha masomo. Na kama barabara ni ya vumbi, hewa hiyo yote inakuja na vumbi lake.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza: tengenezo lolote la mbele ya gari lisipunguze hewa ya kupoza, wala lisichafue hewa ya kupumua.

WAVU WA KUZUIA MBEGU NA WADUDU

Dereva aingiaye njia za mashamba au mbuga baada ya masika hukuta majani marefu katikati ya njia na kandoni. Majani yakipigwa na bampa humwaga mbegu, na mbegu hizo hunasa katika vipezi vya rejeta pamoja na wadudu na tope. Dereva haoni kitu, maana grili kwa nje ni nzima. Aonapo sindano ya joto imepanda, rejeta imekwisha kuzibwa. Joto likizidi, silindahedi hupinda, gasketi huungua, na maji huchanganyika na oili. Hapo gharama si ya wavu tena.

Lakini si kila wavu unafaa. Hesabu ndogo ya darasani itatuonyesha. Pima umbali kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya waya unaofuata. Toa unene wa waya. Kinachobaki ni upana wa tundu. Gawanya upana wa tundu kwa umbali ule, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata sehemu ya wavu iliyo wazi.

Tuseme wavu wa kwanza una umbali wa milimita 6 na waya wa milimita 0.6. Tundu ni milimita 5.4, 5.4 ÷ 6 = 0.9; na 0.9 × 0.9 = 0.81. Yaani sehemu 81 kati ya 100 ziko wazi. Wavu wa pili ni wa mbu, wa madirishani, wenye umbali wa milimita 1.5 na waya wa milimita 0.3. Tundu ni 1.2, 1.2 ÷ 1.5 = 0.8, na 0.8 × 0.8 = 0.64. Zimebaki sehemu 64 tu, tena kabla ya vumbi na mbegu kushika.

Kwa hiyo ule wa kwanza, wenye matundu makubwa, unafaa kukaa siku zote nyuma ya grili ili kuzuia kokoto na wadudu wakubwa. Ule wa mbu hushika mbegu vizuri zaidi, lakini ufungwe wakati wa kuingia majanini tu, na ufunguliwe mara gari lirudipo barabara kubwa.

Namna ya kuutengeneza wavu wa kudumu ni hii:

1. Omba ruhusa ya mwenye gari. Ngoja injini ipoe kabisa, kisha fungua waya wa hasi wa betri, kwa sababu feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

2. Kata kielelezo kwa boksi la karatasi ngumu, ukipime mahali pake mpaka kikae sawa.

3. Kata wavu kwa mkasi wa bati, ukiacha sentimita 2 kila upande. Vaa miwani ya kukinga macho. Kunja kingo juu ya fremu ya waya mnene, na uzishone kwa waya wa kufungia nondo.

4. Ning'iniza wavu kwa kulabu na vipande vya mpira wa tyubu, ukiwa umbali wa sentimita 3 au zaidi mbele ya rejeta. Kama gari lina kiyoyozi, rejeta ndogo ya kiyoyozi huwa mbele ya ile kubwa. Pima kutoka hiyo. Usifunge kitu chochote kwenye mirija, maana mtikisiko wa barabara utaukereza mrija mpaka utoboke.

Ule wa mbu ushonwe upindo na kutiwa mpira kama wa kiuno cha suruali, ufunike uso wote wa mbele bila kuziba taa wala namba za gari. Ukiwa mpana kuliko rejeta, upungufu wa matundu yake hufidiwa kidogo. Kila usimamapo, ukung'ute, na uchungulie chini ya gari pia, kwa kuwa majani makavu yakilundikana karibu na ekzosi huweza kushika moto.

Rejeta iliyokwisha kuziba isafishwe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Maji ya nguvu nyingi hulaza vipezi, na vipezi vilivyolala ni ukuta. Tena kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Kwa mgandamizo ulio ndani, maji hayo huweza kufika karibu nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa huchemka papo hapo na kumrukia mtu usoni.

KUZIBA MAPENGO YA PEMBENI

Tengenezo lililo rahisi kuliko yote ni lile ambalo watu wengi hawalijui. Hewa, kama maji ya mfereji, hufuata njia nyepesi. Ikiwa kati ya grili na rejeta pana mapengo ya pembeni, juu na chini, sehemu ya hewa iliyoingia mbele hupita kando ya rejeta bila kufanya kazi yoyote. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na vipande vya plastiki au mpira vya kuzuia jambo hilo, lakini baada ya kugongwa au kufunguliwa mara nyingi, vipande hivyo hupotea.

Chukua tyubu kuukuu ya lori, uikate vipande vya kuenea mapengo hayo, uvitoboe na kuvifunga kwa skrubu au vifungo vya plastiki kwenye fremu ya gari, si kwenye rejeta yenyewe. Hakikisha hakuna kipande kinachoweza kufikwa na feni au mkanda wake. Kisha tazama kava lizungukalo feni kwa nyuma. Mara nyingi huondolewa ili kazi iwe nyepesi, kisha likaachwa gereji. Bila kava, feni huvuta hewa ya kandoni badala ya kuivuta kupitia rejeta nzima; na gari lenye mzigo likipanda mlima polepole, ambapo upepo wa mwendo ni mdogo, feni ndiyo itegemewayo.

GRILI ILIYOVUNJIKA

Grili ya plastiki ikivunjika, hapana haja ya kununua mpya kwa haraka. Pima nafasi, tengeneza fremu ya chuma bapa chembamba, na uchomelee au uifunge kwa riveti wavu wa chuma wenye matundu makubwa. Piga tupa kingo zote, maana grili yenye ncha kali ni hatari kwa mtoto au mwenda kwa miguu. Paka rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha rangi uipendayo. Tumia tundu za skrubu zilizopo. Magari mengi ya siku hizi yana vihisi vya mifuko ya hewa ya usalama vilivyofungwa mbele. Usitoboe wala kuchomelea karibu navyo kabla ya kumwuliza fundi anayeijua aina hiyo ya gari.

Urembo si dhambi. Lakini bati la jina, taa kubwa za ziada na vibao vya rangi visikae mbele ya rejeta. Kama ni lazima taa ziwepo, zifungwe pembeni.

NJIA YA HEWA YA INJINI

Sasa tuje kwenye pumzi. Kanuni yake kubwa ni moja, nayo yafaa kuandikwa kwenye ukuta wa kila gereji: chujio ni mpaka. Kabla ya chujio unaweza kutengeneza. Baada ya chujio usiguse. Ufa mdogo katika bomba lililo baada ya chujio huingiza vumbi moja kwa moja katika silinda. Vumbi la barabara zetu lina chembe za kwozi, ambazo hukwaruza kioo na chuma cha kawaida. Chembe hizo zikichanganyika na oili huwa kama msasa. Ringi za pistoni na kuta za silinda hulika, injini huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Kwa sababu hiyo, yule anayeondoa chujio ili apate mngurumo ananunua kelele kwa bei ya injini. Pia injini zinazoongozwa na kompyuta huwa na kihisi cha kupima hewa baada ya chujio, na hicho nacho kisiguswe.

Fanya ukaguzi huu. Fungua bomba baada ya chujio, upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja: klipu imelegea, mpira umepasuka, au chujio halikukaa sawa. Chujio la karatasi usiligonge kwenye tairi wala kulipuliza kwa kompresa yenye nguvu nyingi, maana karatasi hutoboka. Liangalie kwa tochi iliyowekwa ndani. Ukiona nuru inapenya kama nukta kali, nunua jingine.

Baada ya hayo, fuata kwa mkono bomba linalotoka kwenye sanduku la chujio mpaka uone mdomo wake uko wapi. Pikapu nyingi tayari huvuta hewa kutoka ndani ya madigadi au nyuma ya grili, nazo hazihitaji kubadilishwa. Lakini kama bomba limevunjika, na mdomo sasa unavuta hewa ya moto iliyo juu ya injini, kuna faida ya kulirudisha nje. Hewa ya nyuzi 27 ni Kelvini 300. Hewa ya nyuzi 57 ni Kelvini 330. Kwa mgandamizo ule ule, 300 ÷ 330 = 0.91. Yaani katika ujazo ule ule, hewa ya moto ina uzito pungufu kwa sehemu 9 kati ya 100, na oksijeni yake vivyo hivyo.

Tafuta bomba la mpira la gari kuukuu kwa wauza skrepa. Kipenyo chake cha ndani kisiwe chini ya kile cha awali. Ukiweka bomba la milimita 50 mahali pa milimita 75, eneo lake ni 50 × 50 ÷ (75 × 75), yaani sehemu 44 tu kati ya 100. Hapo umeikaba injini koo. Bomba la plastiki la maji hulegea kwa joto, kwa hiyo lisipite karibu na ekzosi. Mdomo uelekee pembeni na uwe juu, usije ukanywa maji ya madimbwi.

Wala tusitarajie miujiza. Dizeli isiyo na tabo ikitoka Dar es Salaam na kupanda hadi Mbeya, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, hupungukiwa na nguvu kwa sababu mgandamizo wa hewa huko ni kama sehemu 82 kati ya 100 za ule wa pwani. Hakuna bomba la gereji litakaloirudisha hewa hiyo.

VUMBI JINGI NA MAJI MENGI

Kwa wakaao penye vumbi jingi, kipo kifaa kizuri kinachoonekana juu ya matrekta mengi: kikombe cha kutanguliza usafi. Hewa ikiingia humo huzungushwa kwa nguvu na mapanga yaliyolala kiupande. Vumbi, kwa kuwa ni zito, hutupwa kwenye ukuta na kuanguka kikombeni. Hewa nyepesi huendelea kwenye chujio. Kikombe cha trekta bovu chaweza kufungwa juu ya bomba refu la pikapu, maadamu ukubwa wake unaitosha injini. Chujio litakaa muda mrefu zaidi, lakini kikombe lazima kimwagwe mara kwa mara.

Bomba refu hilo, lipandalo kando ya kioo cha mbele, huitwa snokeli. Fundi wa ekzosi aweza kulitengeneza kwa bomba la chuma. Faida yake ni kuinua mdomo wa hewa juu ya vumbi na maji. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu nyingi, lakini maji hayabaniki; yakiingia silindani, konrodi hupinda kwa mzunguko mmoja tu. Ndiyo maana gari likizimika ndani ya maji haifai kuliwasha tena kabla ya kukagua chujio. Snokeli isiyozibwa vizuri katika kila kiungo, pamoja na tundu la kutolea maji chini ya sanduku la chujio, ni pambo tu. Tena ijulikane kwamba snokeli huipa injini pumzi, haiwapi abiria usalama. Mto uliofurika hulisukuma gari zima, lenye snokeli na lisilo nayo. Gari lisubiri ng'ambo hii mpaka maji yapungue.

KUPIMA KAZI YAKO

Fundi mwenye elimu hapimi kwa kelele. Kabla ya kutengeneza, chagua kilima kimoja, mzigo mmoja na saa moja ya siku. Dereva aendeshe, wewe mwanafunzi kaa pembeni uandike sindano ya joto imefika wapi kileleni. Funga kipimajoto karibu na mdomo wa hewa, mbali na vitu vinavyozunguka, usome gari likisimama. Baada ya kutengeneza, rudia yote vile vile. Kama joto halikushuka, au limepanda baada ya kuweka wavu, ondoa wavu na utafute mwingine wenye matundu makubwa zaidi. Daftari lako ndilo litakalomshawishi mzazi, si maneno matupu.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Likizo ijayo, kabla ya kuomba rangi mpya au grili ya kung'aa, mwombe mzee wako akufungulie boneti. Shika kitambaa cheupe, tochi na rula. Angalia kama rejeta ina mbegu, kama kava la feni lipo, na kama klipu za bomba la hewa zimekaza. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na vifaa vyake viko nyumbani.